Siku tisa na mstari mmoja: kutoka Beijing hadi Dunhuang

Siku ya 1. Beijing

Begi nimelifunga tangu adhuhuri: nguo za siku tisa, madaftari mawili, penseli na kitabu kimoja, Lunyu. Ni maneno ya Kongzi na wanafunzi wake, yule ambaye Wazungu walimwita Confucius. Kitabu chenyewe ni chembamba, sura 20 tu, lakini mwalimu wangu amenikalisha na mstari wake wa kwanza kwa muhula mzima. Unasomwa hivi: xue er shi xi zhi, bu yi yue hu. Mimi naufasiri: kusoma, kisha kudurusu kwa wakati wake, je, hiyo si furaha?

Linalonihangaisha ni hilo xi, nililoliita kudurusu.

Nakala niliyonayo ni picha ya chapa ya zamani ya mbao. Maandishi yanashuka kutoka juu, na safu zinaanzia kulia kwenda kushoto, unafungua upande uleule tunaofungulia msahafu. Herufi kubwa ni za Lunyu. Kila sentensi inapokoma, ndani ya safu ileile zinaanza herufi ndogo zilizobanwa mistari miwili miwili. Hiyo ni sherehe. Nalitumia neno hili kwa maana yake ya asili, sharhi, kama wahariri wa tenzi zetu wanavyoliandika nyuma ya vitabu vyao. Msomi wa Kichina wa zamani hakuwa akisoma kitabu kitupu. Alisoma kitabu pamoja na sherehe yake, na baada ya karne kadhaa sherehe nayo iliandikiwa sherehe.

Zhu Xi, aliyeishi kati ya mwaka 1130 na 1200, anaeleza kwamba xi ni ndege anayeruka tena na tena. Itazame herufi yenyewe, 習: juu imebeba mbawa mbili. Anayejifunza hakomi, kama kinda asivyokoma kupiga mbawa mpaka siku atakayoondoka kiotani. Lakini sherehe ya kale zaidi, iliyokusanywa na He Yan katika karne ya 3, inamnukuu Wang Su akisema xi ni kughani, kuyarudia maneno kwa sauti. Basi ni mbawa au ni sauti?

Nilimweleza Laoshi jambo hili kwa dakika ishirini (hivyo ndivyo sote tunavyomwita mwalimu wetu, na hakuna anayethubutu kumwita kwa jina). Alinisikiliza hadi mwisho, akamimina chai, akasema niiache kalamu kwanza. Maneno haya yamepita katika mikono ya watu, akaniambia. Nenda kaone yalikopita.

Jioni nikaanzia karibu, Guozijian, chuo cha kifalme cha zamani hapa Beijing. Uani kwake zimesimama bamba za mawe 189 zenye vitabu vyote 13 vya Kikongzi, na mwandiko wote ni wa mtu mmoja, Jiang Heng. Alikaa miaka 12 akinakili. Nimepita kati ya safu zile mpaka mlinzi aliponiashiria kwamba wanafunga.

Siku ya 2. Qufu

Treni ya kasi, saa mbili na ushei. Nasafiri na mwenzangu wa darasa, mwenyeji wa Gansu anayerudi kwao likizo. Yeye huniita shijie, dada wa masomo, kwa sababu nilimtangulia kwa mwalimu wetu. Nami namwita shimei, mdogo wangu. Undugu wa kusomea mbele ya mwalimu mmoja huhesabiwa kweli hapa, hadi kwenye mpangilio wa viti mezani. Shimei aliwahi kusoma Kiswahili kidogo, lugha inayofundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na akichoka na Kichina changu hunikatiza: "Dada, sema polepole."

Kongzi alizaliwa mwaka 551 K.K. na akafa 479 K.K., na mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya dola ya Lu. Hekalu lake ni kubwa kupita nilivyodhani. Mbele ya Ukumbi wa Dacheng kuna nguzo 10 za mawe, kila moja imezungukwa na majoka mawili yaliyochongwa kwa kina, na watalii hawaishi kupigana vikumbo hapo.

Mimi nilikuja kwa ajili ya ukuta. Uko upande wa mashariki: ukuta mwekundu, si mrefu, umesimama peke yake, mbele yake jiwe lenye herufi mbili, Lu Bi, yaani Ukuta wa Lu. Mwaka 213 K.K. Mfalme Qin Shihuang aliamuru vichomwe vitabu vya mashairi, vya historia na vya wanafalsafa vilivyokuwa mikononi mwa raia. Masimulizi yanasema mjukuu mmoja wa Kongzi, wa kizazi cha tisa, alivificha vya nyumbani kwao ndani ya ukuta. Karne ya 2 K.K., enzi ya Han, mwanamfalme wa Lu akataka kupanua kasri lake, akaanza kubomoa nyumba ya Kongzi. Vitabu vikatoka, Lunyu ikiwamo, vimeandikwa kwa herufi za kale ambazo wasomi wa Han walikuwa hawaziandiki tena. Na historia rasmi ya Han inaongeza jambo moja ambalo nimelisoma mara tatu leo nikiwa nimesimama palepale: mwanamfalme alisikia ndani ya nyumba sauti za muziki wa kengele na nyuzi, akaogopa, akaacha kubomoa.

Ukuta huu wa sasa ni wa kumbukumbu tu, umejengwa baadaye sana. Lakini ugomvi uliotoka humo haukuwa wa kumbukumbu. Wasomi waligawanyika kambi mbili, wa maandishi ya kale na wa maandishi mapya, wakashindana juu ya matini ipi ni ya kuaminiwa. Mwaka 1891 Kang Youwei bado alikuwa anaandika kitabu kizima kudai kwamba maandishi ya kale ni ya kughushi. Zaidi ya miaka elfu mbili ya hoja juu ya kilichokuwa ukutani! Mimi nawapenda wote wawili, aliyeamini na aliyekataa, maana kila mmoja ilimpasa kusoma neno kwa neno.

Tulipotoka tulikuta watoto wa shule wamepangwa mstari wakighani Lunyu kwa moyo. Binti mmoja wa miaka minane hivi alifumba macho kabisa. Alipokwama alirudi mwanzo wa sentensi na kuishika tena kwa mbio, kama sisi chuoni tulivyokuwa tukirudi mwanzo wa aya mwalimu alipogonga fimbo sakafuni. Nikaandika daftarini: Wang Su ana hoja.

Siku ya 3. Qufu

Msitu wa Kong, makaburi ya ukoo. Zaidi ya watu 100,000 wa kizazi chake wamezikwa chini ya miberoshi hii. Kaburi la Kongzi ni kichuguu cha nyasi na mbele yake jiwe refu. Jiwe hilo lilivunjwa vipandevipande mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, kisha likaungwa. Nyufa unaziona wazi, zimekatiza herufi. Nilizifuata kwa macho kutoka juu hadi chini. Pembeni kuna kijumba cha kumkumbuka Zigong, mwanafunzi aliyekaa eda ya mwalimu wake miaka mitatu pamoja na wenziwe, na wenziwe walipoondoka yeye akakaa mitatu mingine.

Shimei aliinama mara tatu. Mimi nilisimama nikamsomea Fatiha marehemu bibi yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenijia moyoni mahali pale.

Siku ya 4

Kutwa njiani, kubadilisha treni, mvua. Xi'an usiku.

Siku ya 5. Xi'an

Beilin, Msitu wa Mawe. Mahali hapa palianza mwaka 1087, watu wa enzi ya Song walipohamishia ndani ya mji mawe yaliyokuwa yametelekezwa, na jambo hili la kuokoa mawe ya maandishi badala ya kuyajengea limenigusa. Yaliyo makuu kati yake yalikamilika mwaka 837: mawe 114, yamechongwa pande zote mbili, vitabu 12, herufi zipatazo 650,000. Siku hizo uchapaji wa vitabu vikubwa ulikuwa haujaenea. Aliyebishaniwa neno alikuja hapa kuangalia.

Kila jiwe limegawanywa madaraja manane kutoka juu hadi chini, na kila safu ndani ya daraja ina herufi kumi. Shimei ndiye aliyenionyesha sababu: ukitoa nakala ya jiwe kwenye karatasi, unakata madaraja, unayakunja, tayari una kurasa za kitabu. Waliochonga walimfikiria msomaji atakayekuja na karatasi yake.

Tetemeko kubwa la mwaka 1556 liliangusha na kuvunja mengi ya mawe haya. Wasomi wa enzi ya Ming hawakuyachonga upya. Waliziandika herufi zilizopotea kwenye vijiwe vidogo, wakaviweka kando. Huo ni uaminifu mkubwa. Walijaza pengo bila kujifanya halikuwapo.

Nilihitaji karibu saa nzima, na msaada wa mama mmoja mlinzi ambaye nilimwita Ayi, yaani shangazi, naye akafurahi, kuupata mstari wangu nyuma ya kioo. Mwanga hafifu, jiwe jeusi. Zi yue, "Mwalimu alisema", kisha xue, kisha er, kisha shi, kisha xi na mbawa zake. Nilibana pumzi. Herufi imekaa wima, imepimwa, haina haraka. Lakini chini yake hakuna kitu. Zhu Xi alikuwa hajazaliwa, sawa, ila hata Wang Su hayumo. Jiwe limebeba matini tupu bila pambizo. Dola ilikubali kusimamisha neno. Maana iliachwa kwenye karatasi.

Au karibu hivyo. Uani, chini ya paa lake peke yake, limesimama jiwe la Xiaojing, Kitabu cha Kutii Wazazi, la mwaka 745. Mwandiko ni wa Mfalme Xuanzong mwenyewe, na katikati ya herufi kubwa amejaza zake ndogo: sherehe yake. Mtawala aliyekuwa na majeshi na hazina aliona fahari kuwa mfafanuzi wa kitabu. Nimekaa kwenye ngazi za jiwe lile nikala ndizi, nikimfikiria Zhu Xi, aliyekuwa bado anasahihisha sherehe yake ya Daxue, kitabu kingine cha Kikongzi, siku chache kabla ya kufa. Kuanzia karne ya 14 sherehe zake ndizo zilizotahiniwa, hadi mitihani ya kifalme ilipofutwa mwaka 1905. Vijana wa karne sita walipasi au walianguka kwa maelezo yake. Mtu akijua atasomwa hivyo, si ajabu kalamu haimtoki mkononi.

Siku ya 6. Xi'an

Leo nimeibiwa na nimefundishwa, na yote yametokea mtaa mmoja.

Shuyuanmen, karibu na Beilin, ni mtaa wa brashi, wino na karatasi. Katika duka moja nilinunua tapian, nakala inayotolewa moja kwa moja juu ya jiwe, nikahakikishiwa ni ya mkono. Nililipa bila kubishana sana. Hatua mia mbele kulikuwa na mzee kibandani anatoa tapian mbele za watu kutoka kwenye jiwe la kuigwa. Nikamwonyesha yangu kwa furaha. Hakusema kitu. Aliigeuza, akanishika kidole, akakipitisha mgongoni mwa karatasi. Laini kama karatasi ya daftari. Kisha akakipitisha kwenye yake, nami nikahisi vilima na mabonde, kila mkato wa patasi umeacha alama. Yangu ilikuwa imetoka mashineni.

Aliniona nimenyong'onyea, akanivutia kigoda.

Kazi yenyewe iko hivi. Karatasi nyembamba ya xuan hulowanishwa, hutandazwa juu ya jiwe, ikasukumwa kwa brashi ngumu ili hewa yote itoke. Kisha hugongwa kwa brashi, polepole, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka karatasi izame ndani ya kila herufi. Hapo ndipo penye ustadi: ukigonga kwa pupa inapasuka, ukigonga kwa woga haizami. Inasubiriwa ikaribie kukauka. Mzee aliijaribu kwa mgongo wa kidole, akasubiri tena. Ndipo akachukua kibonge cha kitambaa kilichojazwa pamba, akakigusisha wino, akakipunguza wino kwa kukigonga kwenye kibonge cha pili, akaanza kupiga karatasi kwa mapigo mepesi, tap, tap, tap. Jiwe lililo juu linashika wino. Herufi zilizozama zinabaki nyeupe. Hakuna kinachogeuka kulia kuwa kushoto kama kwenye muhuri. Weupe ulianza kujitokeza ndani ya kijivu, kijivu kikawa cheusi, na herufi zikasimama kama zimewashwa taa.

Alinipa kibonge nipige pembeni, mahali pasipo na maandishi. Pigo langu la kwanza liliacha doa. La kumi lilianza kufanana na yake. Akatikisa kichwa, akasema neno moja, lianxi, fanya mazoezi. Xi ileile! Nilicheka kwa sauti, naye hakujua kwa nini. Kibonge kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Hiyo ni mbawa, nikamwambia Shimei. Zhu Xi naye ana hoja.

Siku ya 7. Njiani

Treni ya usiku, vitanda vya ngazi tatu, mimi wa juu kabisa. Alfajiri upande mmoja milima ya Qilian yenye theluji, upande wa pili changarawe mpaka macho yanapoishia. Mama mmoja alitugawia matikiti. Nimelala, nimesoma, nimelala.

Siku ya 8. Dunhuang

Mapango ya Mogao yamechimbwa kwenye jabali la mchanga kuanzia mwaka 366, na 492 kati yake yana michoro ukutani. Picha haziruhusiwi, na ni sawa. Mwongozaji anamulika kwa tochi na jicho linalazimika kukaa.

Pango la 17 liko ubavuni mwa ushoroba wa pango la 16. Ni chumba kidogo ambacho familia ya watu watano isingeweza kulala kwa raha. Lilizibwa mwanzoni mwa karne ya 11. Mwaka 1900 padri wa Kitao aitwaye Wang Yuanlu, aliyekuwa akilisafisha pango kubwa, alilikuta limejaa mizigo ya hati hadi juu: makumi ya maelfu, za Kichina, Kitibeti, Kisanskriti, Kisogdia, hata sala ya Kiebrania. Mwaka 1907 alifika Aurel Stein wa Uingereza, mwaka 1908 Paul Pelliot wa Ufaransa, aliyechutama humo kwa mwanga wa mshumaa wiki tatu akipekua. Walilipa fedha kidogo, wakaondoka na maelfu. Serikali ilipoagiza zilizobaki zipelekwe Beijing, zilizo bora zilikuwa London na Paris. Mwaka 1930 mwanahistoria Chen Yinke aliandika kwamba kuna wanaosema Dunhuang ni historia ya huzuni ya elimu ya China.

Sasa chumba ni kitupu. Imebaki sanamu ya mtawa Hong Bian ameketi, na nyuma yake ukutani miti miwili na wahudumu wawili. Shimei, ambaye ni mtu wa hapa mkoani, alisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko sote.

Miongoni mwa zilizokwenda Paris mna vipande vya sherehe ya Zheng Xuan juu ya Lunyu. Zheng Xuan aliishi mwaka 127 hadi 200, alikuwa mfafanuzi mkuu wa zama zake, na sherehe yake hii ilipotea China kwa karne nyingi. Ya Huang Kan, wa karne ya 6, nayo ilipotea, ikarejea kutoka Japani katika karne ya 18. Laoshi hutuambia kila mara: zilizopotea ni nyingi kuliko zilizopo. Darasani nilikuwa naliandika tu. Leo nimeliona kwa ukubwa wa chumba.

Usiku, tukila tambi sokoni, Shimei alinisimulia juu ya Bu Tianshou. Mwaka 1969 wachimbuzi walikuta kaburini huko Turpan hati ndefu ya Lunyu yenye sherehe hiyohiyo ya Zheng Xuan. Ilinakiliwa mwaka 710, na mnakili ameandika umri wake: miaka 12. Mtoto wa shule! Wasomi wakubwa wameipata tena sehemu ya kitabu kilichopotea kutokana na kazi ya nyumbani ya mtoto. Na alipomaliza, kwenye nafasi iliyobaki, ameongeza shairi lake. Kunakili leo kumekwisha, anasema. Mwalimu usilalamike nimechelewa. Kesho ni mapumziko, waruhusu wanafunzi mapema warudi nyumbani. Neno la kuchelewa kalikosea, kaandika herufi zinazolingana kwa sauti tu.

Kwa sauti tu! Maana yake alikuwa akilisikia neno kichwani huku mkono ukienda. Niliacha tambi zikapoa.

Siku ya 9. Dunhuang

Sikulala vizuri. Nilikuwa namfikiria bibi.

Kwetu Pangani bibi alikuwa na daftari la Utendi wa Mwana Kupona, kalinakili mwenyewe ujanani kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa bluu. Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nilimwomba shangazi anipigie picha kurasa zake, nami kwa maelekezo yangu mwenyewe nikamwambia akaze beti, pembeni pasimsumbue. Kurasa zote ninazo zimekatwa ukingoni. Hati nyingi za tenzi zetu ziko London na Ujerumani, zikiwamo zilizonakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, na nimewahi kulalamika juu ya hilo mbele za watu. La bibi lilikuwa kabatini kwetu.

Saa kumi na mbili asubuhi ya hapa, kwao usiku wa manane, nikamwandikia: "Shikamoo shangazi. Samahani kwa usumbufu. Nakuomba picha za daftari la bibi upya, ukurasa mzima, mpaka kwenye kona. Nataka na pambizo."

Alinijibu nikiwa tayari kwenye kituo cha treni. "Marahaba mwanangu. Pambizoni mbona hesabu za nazi tu?" Kisha picha zikaanza kuingia, moja moja, mtandao ukikwama.

Ni kweli, kuna hesabu za nazi, na jina la aliyekuwa akidaiwa. Lakini ukurasa wa nne, kando ya ubeti wenye neno la Kiamu ambalo mimi nililitafuta kamusini mwezi mzima, kuna maandishi madogo ya bluu yaliyobanwa mistari miwili. Maneno matatu ya Kimrima. Analieleza neno hilo. Na ukurasa wa sita, tena. Na wa saba, mkono si wake. Labda wa mama yake.

Shimei aliniuliza kuna nini. Nikampa simu, naye akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama pambizo muda mrefu. "Zhu," akasema. Sherehe. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, nimsomee kwa sauti.